Mlango wa Watu Wazima: Umri, Maadili na Uhuru wa Kutazama Dar es Salaam

Udhibiti wa picha za watu wazima Dar es Salaam ulianzia kwenye mlango wa jumba la sinema, na kwa muda mrefu ulibaki hapo. Filamu ilipitishwa kwanza kwa wakaguzi, ikapewa kibali au ikanyimwa, na mwenye jumba akabebeshwa kazi ya kumzuia asiyeruhusiwa kuingia. Utaratibu huo ulikuwa na dosari nyingi, na kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni ulikuwa wa kibaguzi waziwazi. Hata hivyo ulibeba wazo moja ambalo sheria za intaneti za miaka ya karibuni zimeliacha: kwamba yupo mtu mzima, na mtu huyo anaweza kuruhusiwa kutazama kile ambacho mtoto hapaswi kukiona.

Jiji lenyewe liligawanywa kwa rangi kabla sinema haijawa starehe ya wengi. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walipanga maeneo matatu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati ya mji, na mitaa ya Waafrika iliyokuja kuitwa Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Upanga, kaskazini ya Kisutu, ilijengwa zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili, familia zenye asili ya India zilipotoka kwenye vyumba vya juu ya maduka ya mjini na kuhamia nyumba na maghorofa mapya. Majumba makubwa ya sinema, kama Empire, Avalon, Empress, Odeon na Azania, yalikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka huko. Waagizaji wa filamu na wamiliki wa majumba hayo wengi walitoka katika jamii hizohizo, na onyesho la filamu ya Kihindi siku ya Jumapili lilikuwa jambo la familia nzima, bibi hadi mjukuu. Watu wa Kariakoo nao walivuka Mnazi Mmoja kwenda kuangalia filamu zilezile, wakakaa viti vya bei nafuu vya mbele, na nyimbo za Kihindi zikaimbwa mitaani na watu wasiojua lugha yake.

Kwa wakaguzi wa kikoloni, umri haukuwa kigezo cha pekee, wala haukuwa kile kilichowasumbua zaidi. Baadhi ya filamu ziliruhusiwa kwa sharti kwamba zisionyeshwe kwa Waafrika. Waliyoyaogopa yanajulikana: mapigano ya bunduki, ujambazi, dharau kwa polisi, na mwanamke wa Kizungu aliyevaa nguo chache au kubusiwa hadharani. Mwafrika mwenye mke, watoto na kazi bandarini aliwekwa kundi moja na mtoto, mtu ambaye akili yake haiwezi kutofautisha mchezo na maisha. Huu ni mwanzo unaofaa kukumbukwa, kwa sababu kila udhibiti uliofuata umelazimika kujibu swali lilelile: ni nani anayehesabiwa kuwa mtu mzima, na nani mwenye mamlaka ya kumhesabu.

Uhuru ulikiondolea kigezo cha rangi uhalali wake, lakini ukaguzi wenyewe uliendelea na ukapata sababu mpya, yaani utamaduni wa taifa. Mwaka 1968 ilianzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania, ambayo baadaye ilishika uagizaji na usambazaji wa filamu. Mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, iliyopangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Kabla hata tarehe hiyo haijafika, Oktoba 1968, makundi ya vijana wa kiume pale Kariakoo yaliwashambulia wanawake kwa mavazi yao, mengine yakiwashusha kwenye mabasi. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul. Katika matukio hayo yote maadili yalilindwa kwa nguvu, na aliyelipa gharama yake kubwa alikuwa mwanamke wa mjini, mtu mzima aliyevaa alichokichagua.

Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilichukua nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilizopangishwa, na kuziweka chini ya Msajili wa Majumba. Upanga na katikati ya jiji ziliguswa sana, na familia nyingi ziliondoka nchini. Biashara ya sinema ilipoteza baadhi ya watu waliokuwa wakiiendesha. Miaka mitano baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, ambayo imebaki kuwa msingi wa ukaguzi wa filamu Tanzania Bara. Sheria hiyo ilidai kibali kabla ya filamu kutengenezwa na kabla ya kuonyeshwa, ikaunda Bodi ya ukaguzi, na ikaipa Bodi uwezo wa kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti, umri wa watazamaji ukiwa miongoni mwa masharti hayo.

Utekelezaji wa sharti la umri uliangukia mikononi mwa mkata tiketi au bawabu. Yeye alimtazama kijana usoni, akakadiria, akamruhusu au akamrudisha. Alikosea mara nyingi. Kijana mrefu wa miaka kumi na minne alipita, na wengine walipenya kwa kuhonga au kwa kujichanganya na kundi la wakubwa. Lakini kukagua huko hakukuacha kumbukumbu. Mlangoni hapakuwa na daftari la majina ya waliotazama filamu ya watu wazima Jumamosi usiku, wala nakala ya kitambulisho chao, wala afisa ambaye angeweza kuidai nakala hiyo baada ya mwaka. Siri ya mtazamaji ilitunzwa na usahaulifu wa kawaida wa binadamu. Miaka hiyo hakuna aliyeona hilo kuwa haki. Thamani yake ilionekana pale lilipotoweka.

Mlango wenyewe ulianza kubomoka katika miaka ya 1980, video ilipoingia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na yake tangu miaka ya 1970, kwa hiyo mashine ya video ilijaza pengo kubwa. Upanga waliokuwa na uwezo waliangalia sebuleni, kwa kanda zilizoletwa na jamaa kutoka Dubai, Bombay au London. Kariakoo, Ilala na Manzese waliangalia kwenye mabanda: chumba chenye mabenchi, televisheni moja juu, pazia mlangoni, na nje ubao wa chaki wenye orodha ya picha za siku. Filamu za Bruce Lee na za Kihindi zilijaza mchana, na baadaye wakaja watafsiri waliosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, akiwamo Lufufu, aliyependwa kuliko wote. Usiku, baadhi ya mabanda yalibadilisha kanda na kuweka picha za X, yaani za ngono. Mwenye banda ndiye aliyekuwa bodi, mkaguzi na mkata tiketi kwa wakati mmoja, na mtoto mwenye sarafu alikuwa mteja kama wengine.

Kanda ilifuatwa na CD, CD ikafuatwa na DVD, na Kariakoo ikawa ghala la nchi nzima. Tangu filamu ya Girlfriend ya George Tyson ya mwaka 2003, tasnia ya Bongo Movie ilitegemea wasambazaji wa mitaa hiyo, Steps Entertainment ikiwa jina kubwa kuliko mengine, na mabasi ya mikoani yalibeba maboksi ya diski hadi Mwanza na Mbeya. Serikali ilijaribu kuirudisha biashara hii chini ya ukaguzi. Kanuni za mwaka 2011 zilifafanua kazi ya Bodi na madaraja ya filamu, na kuanzia mwaka 2013 stempu za kodi zilibandikwa kwenye kazi za filamu na muziki. Daraja la umri likachapishwa kwenye kasha. Kasha hilo, hata hivyo, liliuzwa na machinga aliyelibeba mkononi katikati ya foleni, na punde tu wateja waliacha kununua makasha. Vijana wenye kompyuta moja pembeni ya barabara walianza kurusha nyimbo na video kwenye kadi ya simu kwa bei ndogo. Walichorusha kilitegemea mteja ameomba nini, na picha za X zilikuwamo kwenye mafolda yao. Dar es Salaam ilikwisha kupoteza mlango wa umri kabla intaneti ya kasi haijafika.

Magazeti yalipita njia yake. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 175, imekataza uchapishaji na biashara ya vitu vya aibu tangu enzi ya ukoloni, na Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Magazeti ya udaku yalipochanua katika miaka ya 1990, Serikali ilifungia kadhaa kwa sababu ya picha na vibonzo vilivyoonekana vya ngono. Wakati huohuo Katiba ilikwisha kupata Sura ya Haki: mabadiliko ya mwaka 1984, yaliyoanza kutumika mahakamani Machi 1988, yalileta ibara ya 18 ya uhuru wa maoni na ibara ya 16 ya faragha. Ibara ya 30 iliruhusu haki hizo kuwekewa mipaka kwa sheria, ikitaja maadili ya jamii miongoni mwa sababu. Tangu hapo mjadala wa Tanzania kuhusu picha za watu wazima umekuwa ni mjadala wa upana wa mlango ule wa ibara ya 30.

Intaneti ilifika kwanza kwa njia ya kafe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mitaa ya mjini, Upanga na Kariakoo ilijaa vyumba vidogo vya kompyuta vilivyolipwa kwa dakika. Mwenye kafe aliona skrini zote kwa kugeuza shingo, na wengi waliweka tangazo ukutani kukataza picha chafu. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, na simu janja za bei nafuu zikafurika Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, kila mtu alipata kafe yake mfukoni. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 iliipa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, meno ya kusimamia maudhui. Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, namba 14 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo.

Sheria ya 2015 inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu ndani yake ndipo mtu mzima alipotoweka. Kifungu cha 13 kinaadhibu picha za ngono za watoto, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka saba. Hapo hakuna ubishi: picha ya namna hiyo ni ushahidi wa mtoto aliyeumizwa, na hakuna hoja ya uhuru wa maoni inayoweza kuitetea. Kifungu cha 14 kinafuata kwa kuadhibu kuchapisha ponografia kwa ujumla, faini ikianzia shilingi milioni 20, na milioni 30 kwa iliyo chafu zaidi. Kifungu hicho hakiulizi mwonyeshwaji ana umri gani, wala mtazamaji ana umri gani, wala kama kulikuwa na ridhaa. Tofauti ambayo sheria ya 1976 ilimwachia mkata tiketi aipime mlangoni haina nafasi hapa. Mbele ya skrini Watanzania wote wamekuwa chini ya miaka kumi na minane.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizotangazwa Machi 2018 kwa Tangazo la Serikali namba 133, zilikwenda mbali zaidi. Ziliwataka watoa huduma na watumiaji wachukue hatua zote ziwezekanazo kuhakikisha watoto hawafikii maudhui yaliyokatazwa. Wenye kafe waliamriwa kuweka vichujio, anwani za kudumu za kompyuta, daftari la wateja na kamera za kurekodi yanayoendelea ndani, na kumbukumbu hizo zitunzwe miezi kumi na miwili. Hili lilikuwa jambo la karibu zaidi na uthibitishaji wa umri ambalo jiji limewahi kuamriwa, na halikuhusu umri pekee, kwani kamera ilimrekodi anayesoma habari za siasa sawasawa na anayetafuta picha za utupu. Orodha ya yaliyokatazwa iliweka ponografia na lugha ya matusi bega kwa bega na maudhui yanayosababisha kero, na habari za uongo zinazoweza kuupotosha umma. Mwanablogu alitakiwa kuwa na leseni: shilingi 100,000 ya maombi, milioni moja ya kuanzia na milioni moja kila mwaka. Kuvunja kanuni kulileta faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili, au vyote viwili.

Mashirika sita, yakiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Baraza la Habari Tanzania, chama cha wanahabari wanawake TAMWA na Jamii Media, yalikwenda Mahakama Kuu Mtwara. Tarehe 4 Mei 2018, siku moja kabla ya muda wa mwisho wa usajili, mahakama ilisimamisha utekelezaji kwa muda. Zuio hilo halikudumu, kanuni zikaendelea, na baadhi ya wanablogu wakafunga kurasa zao kwa kukosa ada. Juni mwaka huo jukwaa la mtandaoni la JamiiForums lilizimika kwa muda. Kanuni za 2018 zilifutwa na za Julai 2020 zikachukua nafasi yake, na mwaka 2022 ada zilipunguzwa.

Aprili 2018, kabla ya kesi hiyo, ilikwisha kuonyesha mkono wa udhibiti utafika wapi. Mwanamuziki Diamond Platnumz alihojiwa na polisi Dar es Salaam kwa kuweka Instagram video iliyomwonyesha akimbusu mwanamke. Waziri mwenye dhamana ya habari, Harrison Mwakyembe, alilitaja suala hilo bungeni kama onyo kwa wengine. Busu la watu wazima wawili sasa lilikuwa suala la kituo cha polisi.

Hofu iliyo nyuma ya sheria hizi ni ya kweli, na wazazi wa Kariakoo hawahitaji kuelezwa. Mtoto wa shule anapewa simu ya mama afanye kazi za shule, na ndani ya dakika chache yuko kwenye kundi la Telegram linalouza konekisheni, yaani video za faragha zilizovujishwa. Wengi walioonekana kwenye video hizo hawakuridhia zisambazwe, na baadhi ni wasichana wadogo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka kumi na minane na inawajibisha jamii yote kumlinda. Utafiti wa Disrupting Harm kuhusu Tanzania, uliochapishwa mwaka 2022 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ulionyesha kwamba anayemdhuru mtoto kwa njia ya mtandao mara nyingi ni mtu anayemfahamu. Marufuku ya jumla haimfikii mtu huyo. Kinachomfikia ni polisi aliyefunzwa, mwalimu anayesikiliza na mtoto asiyeogopa kusema. Na mwathirika wa video iliyovujishwa hawezi kuwa na ujasiri wa kwenda kituoni ikiwa kifungu cha 14 kinaweza kumgeukia yeye mwenyewe.

Nchi nyingine zimechukua njia ya kuujenga upya mlango. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1968, katika kesi ya Ginsberg, kwamba jimbo linaweza kumzuia mtoto kuuziwa kinachoruhusiwa kwa mkubwa, na mwaka 1997, katika kesi ya Reno, ikakataa sheria ya intaneti iliyowabana wakubwa kwa jina la watoto. Tarehe 27 Juni 2025 mahakama hiyohiyo, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliidhinisha sheria ya Texas inayodai tovuti ambazo zaidi ya theluthi moja ya maudhui yake ni ya ngono zithibitishe umri wa kila anayeingia. Uingereza ilianza kudai ukaguzi kama huo tarehe 25 Julai 2025. Huko mtu mzima anabaki na haki yake, lakini anailipia kwa kujitambulisha, na wapinzani wanauliza kitambulisho hicho kitakaa wapi. Karibu zaidi na nyumbani, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta Agosti 2021 vifungu muhimu vya Sheria ya Kupinga Ponografia ya 2014, ikiwa ni pamoja na tafsiri pana ya ponografia iliyokuwa imetumika kuwanyanyasa wanawake kwa mavazi.

Kama Tanzania ingetaka mlango wa aina ya Texas, vifaa vyake tayari vipo. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ulikamilishwa kwa shinikizo la kuzima laini kuanzia tarehe 20 Januari 2020, na foleni za Kariakoo chini ya miamvuli ya mawakala zilikuwa ndefu. Laini ya mtoto husajiliwa kupitia mzazi au mlezi. Kwa maneno mengine, mitandao ya simu inaweza kujua kama mwenye laini ni mtu mzima bila tovuti yoyote kupewa jina lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka mipaka kwa anayekusanya taarifa hizo. Yangewekwa pamoja kwa uangalifu, mambo hayo mawili yangemlinda mtoto na kumwachia mtu mzima faragha yake. Lakini uwezo huohuo wa kujua nani anatazama nini unaweza kuelekezwa kwa msomaji wa siasa, na kumbukumbu ya kanuni za kafe za 2018 haitoi sababu ya kutojali.

Mwaka 2025 hoja ya picha za watu wazima ilitumika kwa upana kuliko wakati wowote uliotangulia. Mtandao wa X, zamani Twitter, ulikwisha kurasimisha mwaka 2024 ruhusa ya maudhui ya watu wazima kwenye jukwaa lake, na mwenyekiti wa umoja wa vijana wa chama tawala, CCM, alidai ufungwe. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X ilidukuliwa na kutumiwa kueneza uongo kuhusu Rais, na kuanzia siku hiyo X haikupatikana nchini kwa njia ya kawaida. Waziri wa Habari, Jerry Silaa, alieleza baadaye kwamba X iliruhusu picha za ngono kinyume cha sheria, mila na desturi za nchi. Watetezi wa haki walijibu kwamba uwanja mzima wa mjadala wa umma, wenye wanahabari, wanasiasa, mawakili na wafanyabiashara, ulifungwa kwa sababu ya sehemu yake moja, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba. Mkazi wa Upanga aliyetaka kusoma X baada ya hapo alilazimika kutumia VPN, programu ya kuzunguka kizuizi hicho, na TCRA ilikwisha kutangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajiorodheshe kwake kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo.